Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Mawasiliano: Kuponi Bandia Zimefika Theta

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya,
Nairobi.

KUH: KUPONI BANDIA ZINAZOTUMWA KWA BARUA PEPE

Mkurugenzi Mkuu,

Huku Theta, kati ya Ruiru na Thika, watu wengi hawakuomba barua pepe. Walifunguliwa. Mzee aliyetaka kuuza kipande cha shamba aliambiwa alete PIN ya KRA, na ili kuipata PIN akaulizwa anwani ya barua pepe. Mwendesha bodaboda alitaka leseni, akaelekezwa eCitizen. Msichana aliyeitwa chuo kikuu alihitaji mkopo wa HELB. Wote walipitia saiba, kijana wa pale akawafungulia anwani, akaandika nenosiri kwenye kipande cha karatasi au katika daftari lake mwenyewe, nao wakaenda zao. Anwani hizo hulala mwaka mzima, zikaamshwa mwezi Juni watu wanapokimbizana na ritani za KRA.

Nalitanguliza hili kwa sababu maonyo mengi kuhusu utapeli wa mtandaoni huandikwa kana kwamba mpokeaji ni karani anayeshinda mbele ya kompyuta. Mpokeaji wa huku hufungua barua zake kwa simu, kioo kimepasuka, bando linakaribia kuisha. Katika anwani aliyolazimika kuwa nayo ili ahudumiwe na serikali anakuta barua mbili: moja ya KRA, ya kweli, na nyingine yenye nembo ya duka kubwa analolijua mjini Thika, ikimpongeza kwa kushinda kuponi ya kununulia bidhaa. Zote mbili hazina sura ya mtu. Azitofautishe kwa lipi?

Husemwa kwamba anayenaswa ni mwenye tamaa. Sikubali. Ofa za kweli zipo, na watu wetu wanazitumia: pointi za Bonga, kadi za uanachama za supamaketi, punguzo la mwisho wa mwezi. Mama aliyewahi kukatiwa bei ya unga kwa sababu ya pointi zake hana sababu ya kushtuka akiambiwa ana kuponi.

Mtego wenyewe hauna ufundi mkubwa. Ukibofya unaulizwa maswali machache mepesi, kisha unaonyeshwa masanduku uchague moja, na ajabu ni kwamba kila mtu hushinda. Halafu unaombwa uwatumie jamaa na marafiki kabla ya kupokea zawadi, na hapo ndipo uovu ulipo, kwani jirani ataiamini kwa kuwa imetoka kwako. Mwishoni zinatakwa namba ya simu, namba ya kitambulisho, pengine namba ya kadi ya benki kwa kisingizio cha ada ndogo ya usafirishaji. Tapeli mwenye namba ya kitambulisho na ya simu ameshapata pa kuanzia akitaka kubadilisha laini yako.

Mambo mawili tu yangewaokoa wengi. Jina linaloonekana juu ya barua pepe huandikwa na mtumaji apendavyo, kwa hiyo linalofaa kutazamwa ni anwani iliyofichwa nyuma yake. Na katika kiungo, mwenye mali ni jina la mwisho kabla ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti. Matapeli huweka jina la duka na hata .co.ke mwanzoni, kisha wakabandika jina lao mwishoni, wakijua kwamba kioo cha simu hukata maneno kabla ya kufika huko. Asiyetaka kusumbuka na haya yote aache kubofya, aulize kaunta ya duka lenyewe siku akienda Thika.

Sheria tunayo. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 kinampa tapeli wa aina hii faini isiyozidi shilingi 300,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Lakini hakimu hamhukumu mtu ambaye hajaripotiwa. SMS ya utapeli mteja wa Safaricom huituma 333, na namba hiyo inashikika kichwani. Barua pepe nayo? Kituo chenu cha KE-CIRT hupokea ripoti, ila nenda usimamishe watu kumi stendi ya Ruiru uwaulize kama wamewahi kukisikia.

Kwa hiyo naomba namba fupi kama 333 kwa barua pepe na viungo, ya mitandao yote ya simu. Naomba maonyo yenu yatoke kwa Kiswahili na Kikuyu, redioni na katika baraza la chifu, na yabandikwe ukutani katika kila saiba, maana kijana wa saiba ndiye ofisa wenu huku hata kama hamjamwajiri.

Ombi la mwisho ni la kiufundi. Ipo njia ya kuzuia mtu asitume barua kwa jina la kampuni isiyo yake, iitwayo DMARC, iliyotangazwa mwaka 2012. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinawadai watumaji wakubwa waiweke. KeNIC, inayosimamia majina ya .ke, ina leseni yenu. Kaeni nayo, mhimize maduka na benki zenye majina ya .co.ke ziiweke kwa ukali unaokataa barua za uongo, si kuzitazama tu zikipita. Haitamzuia tapeli aliyesajili jina linalofanana, lakini itamnyang'anya lile halisi.

Ritani hufungwa tarehe 30 Juni. Wiki za mwisho kabla ya hapo saiba za Theta, Juja na Ruiru hujaa watu wanaofungua barua pepe zao kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita. Tafadhali, maonyo hayo yawe yameshabandikwa ukutani kabla hawajafika.

Mkazi wa Theta,
Kaunti ya Kiambu.