Namba ya damu isigeuzwe hukumu



Leo tuongee kuhusu programu ya mstari mmoja. Hii hapa:

nlr = neutrofili / limfositi

Basi, imekwisha. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaiandika huku akinywa chai. Namba hizo mbili zinatoka kwenye hemogramu, kile kipimo cha kawaida cha damu ambacho mgonjwa wa saratani hufanyiwa kabla ya kupewa dawa. Unagawanya ya kwanza kwa ya pili. Jibu unalopata, kwa watu wenye saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa, lina uhusiano na muda watakaoishi.

Hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanzia, kwa sababu kitu rahisi hivi hakichelewi kufika kwenye simu ya kila mtu. Jamaa mmoja mwenye kliniki aliniuliza kama naweza kumwongezea kisanduku hicho kwenye mfumo wake wa maabara, kigeuke chekundu namba ikizidi 5. Nilimjibu hivi: namba nitaweka, rangi nyekundu sitaweka. Acha nieleze.

Kwanza tukubaliane kwamba sayansi yenyewe si porojo. Saratani inapokua, mwili huingia kwenye hali inayoitwa inflamesheni. Ni ile hali unayoiona kidole kikichomwa na mwiba: joto, wekundu, kufura. Tofauti ni kwamba hapa haiishi, na inaenea mwili mzima. Uboho wa mifupa hutoa neutrofili kwa wingi, hizi ni chembe nyeupe zinazokimbilia vita vya haraka. Limfositi, ambazo ndizo zenye uwezo wa kuitambua chembe ya saratani na kuiua, mara nyingi hupungua. Kwa hiyo uwiano unapanda. Ini nalo hupokea ujumbe na kuanza kutengeneza protini iitwayo CRP, huku kiasi cha albumini kikishuka.

Watafiti wa Glasgow, kule Uskoti, waliunganisha hizo protini mbili wakapata alama ambayo sisi wa tarakilishi tutaipenda, maana ni "kama hivi, basi vile" tupu. CRP isipozidi miligramu 10 kwa lita, alama ni 0. Ikizidi 10, alama ni 1. Ikizidi 10 na albumini ikawa chini ya gramu 35 kwa lita, alama ni 2. Kadiri alama inavyopanda, ndivyo wagonjwa wa kundi hilo wanavyoishi muda mfupi zaidi.

Upande wa NLR, mfano mzuri ni jaribio kubwa la MPACT lililochapishwa mwaka 2013, lenye wagonjwa 861 wa saratani ya kongosho iliyosambaa. Waliopata dawa mbili pamoja, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 8.5. Kwa waliopata dawa moja, ilikuwa miezi 6.7. Watafiti walipozirudia damu zilizopimwa kabla ya tiba, waliokuwa na NLR ya zaidi ya 5 walikuwa wamekufa mapema kuliko wenzao, kwa ujumla.

Hayo maneno mawili, "kwa ujumla", ndiyo yanayopotea namba inapoingia kwenye skrini. Nusu ya wagonjwa wameishi zaidi ya muda fulani, maana yake nusu nyingine hawakuufikia. Ndani ya kila kundi kuna aliyekwenda wiki ya tatu na kuna aliyefika mwaka wa pili. Makundi mawili yanaweza kutofautiana vizuri kabisa kwenye grafu, na bado watu wa kundi "baya" wakawazidi miaka watu wa kundi "zuri". Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema wingu litakwambia saa ngapi utalowa.

Sasa nije kwenye kisa ambacho ningependa kila mtengeneza programu za afya akijue.

Kama inflamesheni inaenda pamoja na kufa mapema, si tuizime? Wazo zuri. Kuna dawa inaitwa ruxolitinib, inayokata njia moja ya mawasiliano ya inflamesheni ndani ya chembe. Ilijaribiwa pamoja na dawa ya saratani iitwayo capecitabine kwa wagonjwa 127 ambao tiba ya kwanza ilikuwa imeshindwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Kwa wagonjwa wote pamoja, faida haikuonekana wazi. Lakini walipowatazama wale wenye CRP ya zaidi ya 13 peke yao, waliopewa ruxolitinib walionekana kuishi zaidi. Unaona raha hiyo? Kipimo rahisi cha damu kinamchagua mgonjwa, na mgonjwa anapata dawa inayomfaa.

Yakaanzishwa majaribio makubwa mawili, JANUS 1 na JANUS 2, ambayo yalipokea wagonjwa wenye alama ya Glasgow ya 1 au 2 tu, yaani hao hao wenye inflamesheni. JANUS 1 iliandikisha wagonjwa 321. Februari 2016 hesabu ya katikati ya safari ilionyesha kwamba dawa haiongezi chochote, na kazi ikasimamishwa. Ile faida ya kundi dogo ilikuwa imeyeyuka.

Ukiwa umewahi kusimamia seva utaelewa haraka. Seva inapozidiwa, joto la prosesa linapanda. Joto ni dalili ya kweli, na seva zenye joto kali huzima mapema. Lakini ukipuliza feni bila kuigusa programu inayokula mashine, hujatengeneza kitu. Namba inayokwambia nani yuko hatarini haikwambii dawa gani itamsaidia. Hizo ni kazi mbili tofauti, na kisanduku chekundu kinazichanganya. Daktari aliyechoka, mwenye foleni ndefu mlangoni, akiona nyekundu anaweza kusoma "huyu hafai kupewa tiba". Hakuna mstari wa programu uliosema hivyo. Rangi ndiyo imesema.

Halafu kuna uchafu wa data. Saratani ya kongosho hupenda kuziba mrija wa nyongo, na mrija ulioziba hushika maambukizi kwa urahisi. Maambukizi hupandisha neutrofili na CRP, kwa hiyo mrija ukizibuliwa na maambukizi yakatibiwa, namba inaweza kushuka ilhali saratani iko pale pale. Dexamethasone, dawa ambayo wagonjwa wengi hupewa ili tiba isiwatapishe, hupandisha neutrofili na kushusha limfositi. Pima damu siku moja baada ya dawa hiyo, utapata NLR ya kutisha ambayo imetoka kwenye kidonge. Malaria hupandisha CRP. Virusi vya Ukimwi visipotibiwa hupunguza limfositi.

Na kwetu hapa kuna jambo kubwa zaidi. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hawana alama ya Duffy kwenye chembe zao nyekundu. Ni urithi uliowakinga wazee wetu na aina moja ya malaria, ile ya vivax. Wenye urithi huo huwa na neutrofili chache zaidi kwenye damu, na wala si wagonjwa, hivyo ndivyo miili yao ilivyo. Watafiti waliopima watu wenye afya njema kule Kericho walichapisha mwaka 2008 vipimo vya kawaida vya wenyeji, kwa sababu vya Marekani havikuwa vinawatosha.

Sasa fikiria hesabu. Neutrofili ndiyo namba ya juu kwenye mgawanyo wetu. Kama ya mtu inaanzia chini, NLR yake nayo inaanzia chini. Mgonjwa wa Kisumu anaweza kuwa na 4, kisanduku kikabaki kijani kibichi, na ilhali kwa mwili wake hiyo 4 ni moto unaowaka. Jirani yake mwenye Ukimwi usiotibiwa anapata 7 kwa sababu nyingine kabisa. Kizingiti kile kile kimekosea pande zote mbili. Wala hiyo 5 haikushuka kutoka mbinguni. Kuna tafiti zilizotumia 3, nyingine 5, na baadhi walichagua kizingiti baada ya kuiona data yenyewe. Sisi tunajua jina la mchezo huo: kuifundisha programu na kuipima kwa data ile ile, kisha kushangilia alama.

Kuna watakaosema mgonjwa ana haki ya kujua. Nakubali kabisa! Lakini haki yake ni kujua kitu cha kweli. Familia zetu hufanya harambee, huuza ng'ombe, huuza shamba. Namba kwenye simu inaweza kuwafanya waache tiba ambayo ingempa mzee miezi mizuri, au wauze shamba wakifukuza matumaini ambayo hayapo. Mzigo huo si wa kubebeshwa rangi.

Kwa hiyo nikipewa kazi hiyo nitaifanya hivi. Namba itaonekana kwa daktari kwanza, si kwa ujumbe wa simu saa tano usiku. Itaandikwa kamili, bila kizingiti, pamoja na vipimo vya nyuma vyenye tarehe ili aone inakoelekea. Pembeni kutakuwa na maswali matatu: ana maambukizi? Amepewa steroidi? Mrija wa nyongo umeziba? Neno "miezi" halitakuwemo popote kwenye skrini. Na kila rekodi itahifadhiwa vizuri, kwa idhini ya mgonjwa, ili siku moja tuwe na vizingiti vilivyopimwa kwa damu za huku.

Namba hiyo ikipanda bila maelezo mengine, imwambie daktari jambo moja: vuta kiti, ongea na familia mapema kuhusu maumivu, lishe na mambo ambayo mgonjwa anataka kuyamaliza. Kwa kazi hiyo inafaa sana, na haina gharama, maana hemogramu ilikwisha lipiwa.

Mgawanyo ni mstari mmoja. Kazi yetu iko kwenye mistari mingine yote inayoizunguka.

Haya, wenye lao na waseme. Hasa ninyi wa maabara.