Wakoloni hawakutuletea afya

Mjadala wa ukoloni ukipamba moto, hakosekani wa kusema: "Walitutesa, sawa, lakini walau walituletea dawa." Husemwa hapa Kagera, kuanzia Nyabusozi hadi Bukoba, na husemwa zaidi na waliosoma. Naikataa kauli hiyo. Katika nchi hizi za ziwa, malale, ugonjwa uliotangulia kuwapa wakoloni sifa ya utabibu, yalistawi kwa sababu ya kuja kwao, na dawa ya ugonjwa huo ilijaribiwa kwenye miili ya watu wetu.

Anayepita kando ya Hifadhi ya Burigi-Chato hudhani pori lile limekuwapo hivyo tangu enzi na enzi. John Ford, mtaalamu wa mbung'o aliyefanya kazi Tanganyika, alieleza mengine katika kitabu chake cha 1971. Wenyeji walikuwa na namna yao ya kumdhibiti mbung'o, nzi anayeeneza malale: walilima, walichoma nyasi, walilisha ng'ombe, na vichaka vikabaki mbali na makazi. Kisha ikaja sotoka. Iliingia Eritrea mwaka 1887 pamoja na ng'ombe wa jeshi la Italia, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilikuwa imefagia mifugo ya huku. Njaa ikafuata, watu wakahama, kichaka kikarudi na mbung'o ndani yake. Upande wa Uganda peke yake, malale yaliua zaidi ya watu 200,000 katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20.

Hapo ndipo tabibu alipotokea. Mwaka 1906 Robert Koch, Mjerumani aliyekuwa ametunukiwa Nobeli mwaka mmoja kabla, alipiga kambi katika visiwa vya Ssese, upande huo wa Uganda. Aliwachoma wagonjwa sindano za Atoxyl, dawa iliyotengenezwa kwa aseniki. Vimelea viliporudi kwenye damu, aliongeza dozi hadi gramu moja. Zaidi ya wagonjwa 20 walipofuka, wasione tena maisha yao yote. Koch akapunguza dozi lakini akaendelea na Atoxyl, kisha akashauri wagonjwa watengwe kambini, na serikali ya Kijerumani ikaanzisha kambi ya Kigarama, Kiziba, mkoani kwetu humu.

Wengi walitoroka. Mpaka leo tunawasimulia kama washamba walioikimbia tiba. Mtu aliyemwona jirani yake akiingia kambini anaona, akatoka ameshikwa mkono, ujinga wake uko wapi? Alipima kwa ushahidi uliokuwa mbele ya macho yake, na alipima sawasawa.

Faida ya majaribio hayo ilikwenda wapi? Kutoka kwenye Atoxyl, Paul Ehrlich alifika kwenye Salvarsan mwaka 1910, dawa ya kaswende iliyosifiwa Ulaya nzima. Sisi tulibaki na aseniki. Melarsoprol, iliyotengenezwa miaka ya 1940, iliua takriban mgonjwa 1 kati ya 20 waliotibiwa, na kwa malale ya aina ya Tanzania yaliyokwisha kuingia ubongoni hapakuwa na nyingine mpaka juzi tu. Ni mwaka 2024 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza vidonge vya feksinidazoli kwa aina hiyo, baada ya utafiti uliofanyika Uganda na Malawi.

Sizibezi hospitali za misheni za Murgwanza na Rulenge. Zimeokoa maisha, na waliokesha wodini ni wauguzi wetu wenyewe. Lakini kuisifu kazi yao hakumlazimu mtu kuufuta upofu wa Ssese.

Somo hilo bado lina kazi. Januari 2025 homa ya virusi vya Marburg ilipotangazwa Biharamulo, watu 10 walikufa kabla haijatangazwa kumalizika Machi 13. Kazi ya wahudumu ilikuwa kuwafuata waliowagusa wagonjwa, nyumba hadi nyumba, na kazi hiyo haiwezekani pasipo mtu kufungua mlango kwa hiari. Ukimwita mwenye hofu mjinga, utapata jina la uongo na mlango uliofungwa. Kwa hiyo anayeandaliwa kuhudumu zahanati ya Nyabusozi afundishwe Koch wa Ssese pamoja na Koch aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, kabla hajakabidhiwa sindano.