Hospitali isiwe kiini cha maradhi

Mtu akilazwa kwa sababu ya mguu uliovunjika kisha akatoka na kifua kikuu, husemwa kuwa ameambukizwa hospitalini. Mwanafunzi wa sarufi atatambua mara moja kwamba kiambishi -ni katika neno hilo chaonyesha mahali tu, mtenda hatajwi. Tukilazimika kumtaja, tutamlaumu mgonjwa aliyekohoa kitanda cha pili, au muuguzi ambaye hakunawa mikono. Ni nadra kusikia kuwa mgonjwa ameambukizwa na hospitali yenyewe: na dirisha lisilofunguka, na dari ya chini, na ushoroba usio na hewa ambamo wagonjwa hungoja foleni kutwa nzima.

Ilhali ushahidi upo. Mwaka wa 2006 watafiti walieleza mkasa wa Tugela Ferry, katika mkoa wa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Wagonjwa 53 walipatikana na kifua kikuu kilicho sugu kwa takriban dawa zote. 52 kati yao walifariki. Miongoni mwa wale ambao historia yao ilijulikana, zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kutibiwa kifua kikuu, na thuluthi mbili walikuwa wamelazwa hospitalini muda si mrefu kabla ya hapo. Walikwenda kutafuta uzima, wakavuta mauti.

Mwaka uliofuata, utafiti uliofanywa katika hospitali za Lima, Peru, ulichapishwa. Milango na madirisha ya wodi yalipofunguliwa, hewa ilibadilika kwa wastani mara 28 kwa saa. Vyumba vilivyotegemea mitambo vilikadiriwa kubadilisha hewa mara 12 tu. La kushangaza zaidi, majengo yaliyopita miaka 50, yenye dari za juu na madirisha mapana, yaliyashinda majengo ya kisasa: mara 40 dhidi ya 17. Je, huo usasa tunaojivunia ni maendeleo ya nani?

Wapo watakaosema kuwa sisi ni maskini na majengo salama ni ghali. Hoja hiyo haina mashiko. Jirani zetu wa Rwanda walifungua hospitali ya Butaro mwaka wa 2011, katika nyanda za juu zenye baridi. Wasanifu waliziweka shoroba nje ya majengo ili wagonjwa wasibanane ndani. Vitanda viliwekwa katikati ya wodi, vikielekezwa madirishani. Feni kubwa husukuma hewa, na taa za miali ya urujuanimno huua viini karibu na dari. Kuta zilijengwa kwa mawe ya volkano ya papo hapo, kwa mikono ya wenyeji. Umaskini haukuwazuia kufikiri.

Simaanishi kuwa dirisha ni dawa ya kila kitu. Chumba cha upasuaji chahitaji hewa iliyochujwa, na muuguzi hawezi kunawa mikono ikiwa mfereji uko mwisho wa jengo. Hata hivyo, mambo haya yote huamuliwa siku ramani inapochorwa. Baada ya saruji kukauka, marekebisho huwa ghali, na mara nyingi hayafanywi. Wahenga walituonya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika wodi, ukuta usiopitisha hewa ndio ufa wenyewe.

Tangu 2013 huduma nyingi za afya nchini zimo mikononi mwa kaunti, nazo zimejenga zahanati na wodi si haba. Viongozi huja kukata utepe, wananchi wakapiga makofi. Hatuna budi kuuliza maswali kabla ya makofi hayo. Je, wauguzi na wafagiaji walishauriwa ramani ilipochorwa? Mwaka wa 2009 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza lita 60 za hewa kwa kila mgonjwa kwa kila sekunde katika wodi za kawaida zinazotegemea hewa ya asili. Je, nani amepima?

Walimu na wanafunzi waweza kuanza na madarasa na mabweni yao, wakahesabu madirisha yafungukayo na yale yaliyopigiliwa misumari. Hesabu hiyo ni somo la sayansi na la uraia pia. Kizazi kitakachojua kuwa jengo huweza kuambukiza hakitakubali kujengewa hospitali isiyopumua.