Aliasi hailindi seva

Ofisi moja ninayoifahamu ilipoteza mafaili ya kazi baada ya mfanyakazi kuendesha amri ya rm kwenye saraka isiyo yake. Uamuzi ukatoka haraka: mstari mmoja ukaongezwa kwenye /etc/bash.bashrc, alias rm='echo Hairuhusiwi', na wafanyakazi wakatangaziwa kuwa seva sasa ni salama. Si kweli. Tena tangazo hilo lina madhara, kwa sababu limewafanya wahusika waache kutafuta kinga ya kweli.

Watetezi wanasema aliasi haigharimu kitu na huokoa mtu anapokosea. Sawa. Aliasi ya rm -i, inayouliza kabla ya kufuta, ina faida yake. Lakini kumkumbusha mtu si kumzuia.

Aliasi hubadilisha tu neno la amri kabla sheli haijaitekeleza. Programu yenyewe haiguswi. Andika \rm, au command rm, au /bin/rm, na aliasi imepitwa. Andika unalias rm, na imefutika hadi utakapofungua sheli mpya. Kwenye skripti, Bash haitumii aliasi kabisa mpaka iamriwe kufanya hivyo. Halafu kuna find yenye -delete, na Python yenye os.remove, ambazo haziiti rm hata kidogo. Utaziba ngapi? Anayeamua kama faili litafutwa ni keneli, na keneli haijui aliasi ni nini. Inachokagua ni ruhusa: je, mtumiaji huyu anaweza kuandika kwenye saraka lilimo faili? Kama anaweza, na saraka haina stiki biti (alama inayozuia mtu kufuta faili la mwingine), faili litaondoka, hata kama si lake.

Haya kuhusu aliasi si siri ya wadukuzi. Yamo kwenye mwongozo wa Bash, na mara nyingi man bash tu inatosha kuufungua. Kumtangazia mtu usalama bila kuusoma mwongozo huo ni uzembe, na uzembe huo hulipwa na wenye data.

Wasimamizi wa seva, fanyeni kazi inayotakiwa. Pangeni umiliki na ruhusa za saraka kwa chown na chmod. Anayehitaji amri moja ya root apewe hiyo moja kupitia sudoers. Anayepakia mafaili tu awekewe internal-sftp badala ya sheli. Wekeni nakala rudufu na mzijaribu. Aliasi ibaki kuwa ukumbusho, na isitajwe tena kwenye ripoti ya usalama.