JOTO LETU HALIMO KATIKA HESABU



Kila mwaka mashirika makubwa ya dunia hutoa hesabu ya joto linalopatikana kwa kuchoma miti, mabua na taka. Katika majedwali hayo Uswidi, Ufini na Denmark zimekaa mbele. Mtu wa Kericho akiyasoma atadhani huku kwetu hakuna achomaye kuni ila mama jikoni.

Sababu ni hii: katika safu ile, "joto" maana yake ni joto lililouzwa. Kule Uswidi ziko stesheni kubwa zinazochemsha maji kwa moto wa matawi na maganda ya miti, na maji hayo hupitishwa kwa mabomba chini ya barabara mpaka majumbani, nao wenyeji hulipia kama sisi tulipiavyo stima. Mji wa Växjö ulianza kuchoma miti katika stesheni yake mwaka 1980, baada ya bei ya mafuta kupanda katika miaka ya 1970. Mwaka 1991 serikali ikatoza kodi ya kaboni juu ya mafuta na makaa ya mawe, na miti ikazidi kuwa na faida. Denmark wao huchoma mabua ya nafaka. Ni kazi nzuri, hatuwaonei wivu.

Lakini kiwanda cha chai kinachochoma kuni ili kunyausha na kukausha majani yake chenyewe hakimwuzii mtu joto. Kwa hiyo kuni zake huandikwa katika safu nyingine, pamoja na vitu vingine vilivyotumiwa na viwanda, na joto lenyewe halitajwi. Hali kadhalika kiwanda cha sukari kinachochoma makapi ya miwa kwa kazi yake.

Makarani wa Ulaya na hesabu zao si shauri letu sana. Shauri letu ni kwamba desturi hiyo hiyo imo viwandani mwetu. Kilo za chai huhesabiwa. Mchochea moto hahesabiwi. Tunawajua waliosimama mbele ya boila miaka mingi, na bado wanaitwa vibarua.

Tena tutazame kuni zenyewe. Mkaratusi uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukitiwa motoni hivyo, moto hupotea katika kukausha maji kwanza, moshi huzidi, na mchochea moto hutupa kuni nyingi zaidi kwa mvuke ule ule. Mwenye kiwanda hulipa hasara hiyo kwa fedha, mfanyakazi kwa mgongo na kifua. Banda la mabati la kuanikia kuni zilizopasuliwa lingewafaa wote wawili, wala hatuoni kwa nini meneja abishe.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Wajumbe wetu waulize humo kuni zilikatwa lini, na mchochea moto alipewa lini glavu na miwani. Jibu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, kisha nakala iletwe kwa Katibu wa tawi.