Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani, Kanda ya Afrika, Brazzaville

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia juu ya jeni iitwayo PCSK9, ambayo elimu yake kwa sehemu kubwa imepatikana katika damu ya watu wenye asili ya Afrika, ilhali manufaa yake hata leo hayajawafikia jamaa zao walioko huku barani.

Ini, kama ajuavyo kila tabibu, lina vipokezi vinasavyo kolesteroli mbaya ipitayo katika damu, vikaiingiza ndani ya seli, kisha vikarejea juu kutwaa nyingine, mfano wa hamali arudiye gatini kufuata gunia la pili. Na protini itokanayo na jeni hiyo hukishika kipokezi, ikakizuia kurejea, hata kikaangamia pamoja na mzigo wake. Mwaka 2003 wataalamu wa Ufaransa na Kanada walibainisha kwamba jeni hiyo ikizidi nguvu, kolesteroli hufurika katika damu ya ukoo. Kisha huko Dallas, watafiti Helen Hobbs na Jonathan Cohen wakaona kinyume chake: wako Wamarekani weusi waliozaliwa na nakala moja batili ya jeni hiyo, na hesabu za mwaka 2006 zikadhihirisha kuwa kolesteroli yao mbaya ni pungufu kwa asilimia 28, na hatari yao ya maradhi ya mishipa ya moyo ni pungufu kwa asilimia 88. Badiliko mojawapo kati ya yale yaibatilishayo jeni hiyo lilionekana pia kwa wanawake wa Zimbabwe.

Elimu hiyo ikazaa sindano za kuizuia protini hiyo, zilizoruhusiwa Marekani na Ulaya mwaka 2015, ambazo bei yake mkulima wetu haiwezi. Sioni insafu hapo.

Waama, lipo lililo karibu zaidi. Mwenye kolesteroli ya kurithi aghalabu huota vinundu vigumu katika kano za visigino, ambavyo mganga angevigundua kwa kupapasa tu. Lakini nani humvua mgonjwa viatu? Hufa kijana, akazikwa, na wanawe, ambao kila mmoja ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kurithi, hawapimwi, hali vidonge vya simvastatini, vipunguzavyo kolesteroli, vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika lako tangu mwaka 2007.

Nakusihi, Mheshimiwa, uzihimize serikali zetu kwamba, kila afapo mtu kwa maradhi ya moyo kabla ya uzee, watoto na ndugu zake wapimwe damu; vidonge hivyo vifike hadi zahanati; na bei ya sindano ijadiliwe kwa sauti moja ya bara zima.