Mpira uliozibwa kwa bolti

Gari kuukuu likianza kupoteza maji bila tone kuonekana chini, na zulia la upande wa abiria likalowana, fundi mzoefu wa Goma hujua mara moja kwamba rejeta ndogo ya hita, ile tunayoiita shofaji, imetoboka. Anajua pia kwamba imejificha nyuma ya dashibodi, na kuifikia ni kazi ya siku nzima: kuteremsha usukani, redio, mifereji ya hewa, na vishikizo vya plastiki ambavyo baada ya miaka 25 huvunjika vikiguswa tu. Basi hukata mipira miwili inayoingia ndani, huiziba kwa bolti na klipu, na jioni gari limeshaondoka. Nasema mazoea hayo ni makosa, na hapa kwetu ni makosa makubwa kuliko ambavyo yangekuwa Mombasa au Dar es Salaam.

Utetezi wa kwanza ni kwamba nchi yetu si ya baridi, kwa hiyo shofaji ni pambo. Anayesema hivyo anafikiria miguu ya abiria na kusahau kioo cha mbele. Teksi iliyojaa watu, mvua ya saa kumi na mbili jioni, barabara inayoteremka kutoka Kibumba: kioo hupata ukungu kwa dakika chache, na dereva hubaki kupangusa kwa kitambaa, mkono mmoja ukiwa kwenye usukani. Hewa ya moto ndiyo inayokausha kioo, kwa sababu viyoyozi vya magari hayo vingi vilikufa zamani. Zaidi ya hapo kuna injini yenyewe. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka hapa yakifika nyuzi 95 hivi, si 100. Thamostati nyingi hufunguka kati ya nyuzi 82 na 88. Pengo hilo ni dogo, na kinacholipanua ni mfuniko wa rejeta unaoshika presha vizuri. Sasa, katika injini nyingi, njia ya shofaji ni mojawapo ya njia ambazo maji huzunguka kabla thamostati haijafunguka. Ukiiziba, maji yanaweza kusimama karibu na kichwa cha injini na kuchemka mahali pamoja huku geji ikionyesha salama. Gasketi ikiungua baadaye, watu husema injini imechoka, wala hakuna anayekumbuka bolti ya mwaka jana. Ndiyo maana sishawishiki na wanaosema magari yametembea miaka bila shofaji: wanahesabu yaliyopona.

Swali ambalo garaji zetu haziulizi ni kwa nini rejeta hizo zinatoboka. Mji umejengwa juu ya lava inayonyonya mvua yote, mito hatuna, na maji ya wengi hutoka Ziwa Kivu kwa bidoni. Ziwa hilo lina chumvichumvi nyingi, zikiwamo bikaboneti zinazoletwa na chemchemi za moto zilizo chini yake, na alkali ya maji ya juu inakaribia pH 9. Yakipata moto huacha ukoko mweupe, na vijia vya rejeta ya shofaji ni vyembamba kuliko vya rejeta kubwa, kwa hiyo ndivyo huziba kwanza. Alumini nayo haipendi alkali ya kiwango hicho. Mtu akidhani maji ya mvua ni nafuu, akumbuke kwamba moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira huishusha mvua ikiwa na asidi na floridi. Dawa ni kulanti iliyochanganywa na maji ya betri yasiyo na asidi. Bila hiyo hata rejeta mpya itakufa.

Tabia hiyohiyo ya kukata na kuziba hufanywa kwenye mipira ya vakyumu, na huko ndiko ninakoogopa zaidi. Injini ya petroli inapovuta hewa huacha mgandamizo mdogo ndani ya manifoldi, na vimipira vyembamba hupeleka mvuto huo kwenye busta ya breki, na katika baadhi ya Prado na Hilux, kwenye kifaa kinachounganisha tairi za mbele. Dizeli hutumia pampu yake, mara nyingi nyuma ya alteneta. Hewa ya Goma inagandamiza kwa takriban asilimia 84 tu ya ile ya pwani, kwa hiyo busta nzima hapa tayari ina nguvu pungufu. Ukiongeza mpira uliopasuka, dereva anayeteremka kutoka Masisi kuja Sake anasimamisha gari kwa misuli ya mguu wake. Ralanti, yaani mngurumo wa injini gari likiwa limesimama, ikitetemeka, fundi hukimbilia kurekebisha kabureta au kubadilisha plagi, wakati angeweza kubana mpira mmoja baada ya mwingine na kusikiliza sauti ikibadilika. Baadhi ya magari ya Japani yana hata mchoro wa mipira hiyo uliobandikwa chini ya boneti, kama haujapakwa rangi.

Hoja ya pesa ni nzito na siidharau. Vipuri ni vya dola, na benki zetu zilipofungwa Januari 2025 pesa taslimu ikawa ya kutafutwa. Lakini asiye na uwezo wa kubadilisha shofaji leo anaweza kuunganisha mipira miwili kwa kiungo cha chuma ili maji yaendelee kuzunguka, mradi mwenye gari aelezwe na iandikwe kwenye risiti. Kwa busta sikubali nafuu yoyote, na kuipima hakugharimu hata faranga. Zima injini, kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu, endelea kuikanyaga, kisha washa. Pedali ikishuka kidogo, mvuto unafika. Isiposhuka, gari hilo lisipande Masisi mpaka mpira unaovuja upatikane.